Mwenye Nyeusi Asikae Kusubiri

Katika sataranji mwenye nyeupe ndiye anayeanza, na hatua hiyo moja ina uzito: kumbukumbu za mashindano zinaonyesha kwamba upande wake huvuna takriban asilimia 54 ya pointi. Kwa hiyo wanaojifunza huambiwa kwamba mwenye nyeusi ajifunike kwanza. Wacheza bao wa Dodoma au Mpwapwa wangeushangaa ushauri huo. Katika bao la Kiswahili, penye nafasi ya kula ni lazima ule. Huwezi kukaa ukilinda nyumba yako huku mwenzako akijipanga atakavyo.

Sataranji haina sharti hilo, lakini Ulinzi wa Sisilia unakaribia. Nyeupe ikisogeza kitunda hadi e4, mwenye nyeusi haigi kwa e5, anajibu c5. Pande mbili zinaacha kufanana papo hapo. Tawi lake kali ni Joka: askofu wa nyeusi hukaa g7 akitazama ulalo mzima wa ubao, ngome hushika safu ya c, na mfalme wa nyeupe mara nyingi hukimbilia upande huohuo. Mwenye nyeupe naye husukuma vitunda vya g na h kumwendea mfalme mweusi. Anayechelewa hatua moja ameumia. Bingwa wa dunia Garry Kasparov, aliyekuwa amepoteza mchezo wa 9 wa mechi ya ubingwa mbele ya Viswanathan Anand, New York, 1995, alilitoa Joka, akashinda kwa nyeusi mchezo wa 11 na wa 13.

Mpinzani wa hoja hii atamtaja Vladimir Kramnik. Katika mechi yake ya ubingwa dhidi ya Kasparov, London, mwaka 2000, alijibu e4 kwa e5, akacheza Ulinzi wa Berlin ambamo malkia wote wawili huondoka ubaoni mapema, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15. Pingamizi hilo ni zito. Lakini Kramnik alishinda mchezo wa 2 na wa 10 akiwa na nyeupe. Kwa nyeusi sare ilimtosha, na alijua kuilinda kwa saa nyingi. Mchezaji wa kawaida hana ustadi huo. Wengine huogopa mzigo wa kukariri hatua za Joka. Upo, ila kuelewa kunaupunguza: anayejua kwa nini ngome ya c8 hujitoa ili kumla farasi wa c3, yaani kuvunja kinga ya mfalme, ataiona nafasi hiyo bila kitabu. Nyeupe ikianza na d4, Joka halina kazi. Hapo mwenye nyeusi ajaribu Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, askofu akiwa g7 vilevile.