Utangulizi: Kuingia na Kutoka kwenye Kompyuta ya Mtu

Mhasibu wa shule moja huko Mlalo alipouona mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini yake, aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyegusa sufuria ya moto. Fundi alikuwa Lushoto mjini, simu sikioni. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na kusafiri kona zote zile kwa ajili ya printa iliyogoma ni hasara tupu. Mama huyo mhasibu alikuwa amemsomea tarakimu tisa za kwenye skrini, mojamoja, kisha akabonyeza kitufe cha kukubali.

Karibu kwenye taaluma inayoanzia hapo. Wanafunzi wangu hudhani ni somo la programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali: AnyDesk, TeamViewer na ndugu zao. Hizo utazijua kwa mchana mmoja. Kinachokula muhula mzima ni kile kitufe: mama yule alikubali nini hasa? Alikubali printa iangaliwe. Folda ya mishahara hakuikubalia, wala picha za harusi ya mwanawe zilizokaa palepale usoni pa skrini.

Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo ya Lushoto, wana fikra inayotufaa. Mwanahistoria Steven Feierman, katika Peasant Intellectuals (1990), anaeleza walivyotofautisha kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala yuleyule aliweza yote mawili, kwa nguvu ileile. Fundi aliyeshika mshale wa mwenzake naye ni hivyohivyo, ingawa ufalme wake ni wa inchi kumi na tano.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza, katika kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki. Hicho kila mtu hukitaja. Mimi hukaa zaidi kwenye cha 5, kinachokataza kubaki humo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Mafundi wengi niliowaona hawakuingia kwa wizi. Walisahau kutoka. Waliacha nywila ya kudumu, "nisije nikakusumbua tena," na hiyo tena ikawa mwaka.

Ndiyo maana sura ya kwanza inahusu kuaga. Printa ilipokubali, fundi yule alisema, "Sasa mama, funga wewe mwenyewe." Akamwelekeza pa kubonyeza. Mshale ukatulia. Mama akausogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, ndipo akakata simu.