Joto Lililofichika Chini ya Kifuniko

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi, saa ambayo jikoni kila mmoja ana lake la kuharakia. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja alitumwa akatazame kama wali umeiva. Akaiinamia sufuria na kukifunua kifuniko kwa kukielekeza upande wake mwenyewe. Hakumwagikiwa hata na tone moja la maji, lakini alipiga ukelele, na kabla ya sala ya Isha ngozi ya kifundo cha mkono wake ilikuwa imefura malengelenge.

Shangazi mmoja alikuja mbio na dawa ya meno. Mwingine akafungua friji kutafuta barafu. Nyanya, kwa nia njema ya kumtuliza mtoto, akasema, "Nyamaza mwanangu, ni mvuke tu, si maji." Neno hilo "tu" ndilo lililotukalisha chini tukaandika makala haya, kwa kuwa mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka, na katika nyumba zetu ni wachache wanaolijua jambo hilo mpaka liwafike.

Kwanza na tuutambue mvuke wenyewe. Wengi wetu tunapouona ule weupe juu ya birika, husema huo ndio mvuke. La. Mvuke hauonekani kwa macho. Litazame birika linapochemka: baina ya mdomo wake na pale weupe unapoanzia pana nafasi ndogo ambayo kwa jicho ni tupu. Hapo ndipo penye mvuke halisi. Weupe unaofuata ni matone madogo mno ya maji, yaliyofanyika baada ya mvuke kukutana na hewa ya jikoni iliyo baridi zaidi. Kwa maneno mengine, mahali pa hatari kubwa ndipo pasipoonekana kitu.

Na kwa nini mvuke uwe mkali hivyo, ilhali maji yanayochemka yana nyuzi 100 na mvuke utokao humo una nyuzi hizo hizo 100? Jawabu lake limo katika kazi inayofanywa na moto wa jiko. Tuchukue kilo moja ya maji yenye joto la nyuzi 27. Moto utayapandisha hadi nyuzi 100, yachemke. Tangu hapo, hata ukiyaacha jikoni muda mrefu, kipimajoto hakipandi tena. Moto unaendelea kuwaka na gesi inaendelea kulipiwa, lakini joto limesimama pale pale. Joto lote linaloingia sasa linatumika kuzitenganisha chembe za maji zilizoshikamana, ili ziruke hewani zikiwa mvuke. Kuyageuza maji yale yote kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara saba ya lile lililoyachemsha. Mwanasayansi wa Uskoti, Joseph Black, ndiye aliyelipima na kulifundisha jambo hili katika Chuo Kikuu cha Glasgow miaka ya 1760, na wataalamu wa Kiswahili wameliita joto fiche, jina linaloingia vizuri sana hapa.

Joto hilo halipotei. Mvuke hutembea nalo, na pindi ugusapo kitu kilicho baridi kuliko wenyewe, hurudi kuwa maji na kulitua lote mahali pale. Kifuniko cha sufuria hulipokea bila kudhurika. Ngozi ya mtoto haiwezi. Ukilinganisha uzani ulio sawa wa mvuke na wa maji yanayochemka, mvuke huipa ngozi joto linalozidi mara tisa. Tena mvuke hupenya ndani ya mkono wa buibui na chini ya ushungi, mahali ambapo pengine tone la maji lingezuiliwa na nguo.

Kwa hiyo kifuniko hufunuliwa kwa kuinua kwanza ukingo wa upande wa mbali, ili mvuke utokee huko, uso ukiwa kando. Sufuria ya presha, ambayo ndani yake maji hufika nyuzi 120 hivi, haifunguliwi hata kidogo mpaka iishe kupumua yenyewe.

Na ajali ikishatokea? Maji safi ya bomba yanayotiririka, yenye ubaridi wa kawaida, yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi mtoto akiwa analia. Tazameni saa, msikisie. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, na malengelenge yasitumbuliwe. Dawa ya meno, samli, yai na unga wa ngano huzuia joto kutoka na huweza kuingiza uchafu kwenye kidonda. Mtoto mdogo, au yeyote aliyeungua usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au aliyeungua pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, apelekwe hospitali.

Barafu nayo ina kisa chake. Kama vile maji yanavyohitaji joto kubwa ili yawe mvuke, barafu nayo huhitaji joto ili iyeyuke: kilo moja ya barafu, kwa kuyeyuka tu, hunywa joto linaloweza kuyapandisha maji ya uzani huo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ikiwekwa juu ya ngozi iliyoungua, hulivuta joto hilo kutoka kwenye nyama iliyokwisha kudhoofika, mishipa ya damu hujibana, na jeraha huzidi. Shangazi yetu hakukosea kutaka ubaridi. Alizidisha kipimo tu.

Joto hili fiche si adui siku zote. Wazee wetu waliokunywa maji baridi kwa kata kabla umeme haujafika mitaani walilitumia bila kulipa jina. Mtungi wa udongo una vinyweleo; maji kidogo hupenya hadi nje na kuwa mvuke, na joto la kuyageuza huchukuliwa kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi huwekwa dirishani penye upepo, na ndiyo maana siku ambazo hewa imejaa unyevu, hata nguo kwenye kamba hazikauki, maji ya mtungi nayo hayapoi sawasawa. Katika nyumba moja ya jamaa zetu, vijana waliupaka mtungi wa nyanya yao rangi ya mafuta ya kijani ili upendeze kwa Idi. Ulipendeza kweli. Lakini maji yake yakawa vuguvugu tangu siku ile, na ikabidi bibi yule anunuliwe mwingine.