Kromu haichomelewi, inaondolewa

Garissa jua halimngoji fundi. Saa nne asubuhi vyuma vilivyolazwa nje ya banda havishikiki kwa mkono mtupu, na mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Mafundi wanaoitwa jua kali kote Kenya, hapa jina hilo wanalibeba mgongoni. Si ajabu glavu nene na barakoa huishia kutundikwa kwenye msumari.

Kazi nayo haikosi. Safari za Dadaab, Wajir na Mandera huvunja vyuma kabla havijazeeka: keria na gadi za bodaboda, ekzosi, bampa za malori ya mifugo. Vingi hung'aa, na balaa limo katika huo mng'ao.

Kromu ya mapambo ni ngozi tu. Haifiki mikroni moja, ilhali unywele wa binadamu hukaribia 70. Chini yake kuna nikeli iliyo nene zaidi, pengine na shaba, ndipo chuma chenyewe. Fundi akiwasha rodi juu ya tabaka hizo, zote huyeyuka pamoja. Mshono hutoka na vitundu na nyufa, na boda ikipiga shimo la kwanza ng'ambo ya daraja la Tana, gadi inaachia tena.

Hasara hiyo angalau huonekana. Moto wa kuchomelea hugeuza sehemu ya kromiamu kuwa ya aina iitwayo heksavalenti, inayosababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, waliuweka moshi wote wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Zinki ya mabomba ya maji ina adhabu ya haraka: jioni fundi hutetemeka kwa homa, mdomo una ladha ya chuma, kesho kutwa yuko kazini. Kromu haina haraka hiyo, ndiyo maana hudharauliwa.

Wengi huamini dawa ni maziwa, na Garissa maziwa ya ngamia si haba. Ni kinywaji kizuri baada ya kazi, lakini maziwa huenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Kitambaa kilichozungushwa usoni nacho huzuia vumbi la barabara, si chembe za moshi. Kinachofaa ni barakoa ya kichujio cha P3, inayobana uso pande zote.

Kabla ya yote, betri ya pikipiki itenganishwe na tangi la petroli liondolewe. Grisi ioshwe kwa maji ya sabuni, chuma kikauke. Dawa za kupulizia breki zenye klorini zisisogezwe karibu kabisa: zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kisha grinda. Fundi husugua sentimita tatu hivi kila upande wa ufa, barakoa ikiwa usoni tayari, kwa kuwa vumbi lake si salama pia. Weupe wa kromu hupotea, nikeli huonekana kwa umanjano hafifu, halafu kijivu cha chuma hutokea na cheche huruka kwa wingi. Hapo ndipo pa kuchomelea, upepo ukimpiga fundi ubavuni na moshi ukipita kando ya uso wake. Asidi pia huondoa kromu, lakini masalia yake ni sumu, na mji huu hunywa maji ya Tana.

Mng'ao wa zamani haurudi. Palipochomelewa patapigwa rangi ya fedha, na doa litabaki. Anayetaka kromu upya atafute karakana ya kuipaka, na safari ya Nairobi ni zaidi ya kilomita 360.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Fundi wa banda hujiajiri mwenyewe, na barakoa hutoka katika bei anayopatana na mteja. Basi ukimpelekea gadi iliyokatika, usimharakishe anapopiga grinda, na umlipe muda huo.