Maneno katika Kufufuliwa kwa Michezo ya Kale ya Kiinimacho

Kiswahili kina majina mawili mashuhuri ya sanaa ya kustaajabisha watu kwa wepesi wa mikono na vyombo vya siri: mazingaombwe na kiinimacho. Jina la pili huiweka kazi yote juu ya jicho, kana kwamba anayedanganywa ni mboni tu, na sikio limekaa kando halina hatia. Mtu anayekula kwa kazi hiyo, akatwaa mchezo wa kale kitabuni na kutaka kuurudisha jukwaani, hutambua upesi kwamba mambo si hivyo. Chombo kilichosahauliwa chaweza kuundwa upya. Mikono, kwa mazoezi ya miezi, hutii. Kinachokataa kufufuka aghalabu ni maneno.

Maneno yanayokusudiwa hapa ni usemi wote wa mchezaji, tangu anapoonyesha kiganja kitupu hata anapopigiwa makofi: salamu, mzaha, kisa, swali kwa mtazamaji, na zaidi ya yote ile sababu anayoitoa ya ajabu inayotendeka. Vitabu vya kazi hii havikuyapuuza. Modern Magic, kitabu kilichotolewa London mwaka 1876 na Angelo Lewis, mwanasheria aliyejiita Profesa Hoffmann, hufundisha mchezo hatua kwa hatua, na mara nyingi huonyesha pia la kusema. Maelekezo ya vidole yaliyomo yangali yafaa, maana vidole vya binadamu havikubadilika. Mizaha yake, kwa msikilizaji wa leo, ni kama sarafu zilizokwisha kuondolewa sokoni.

Mchezo wa vikombe na vijipira ni shahidi mkongwe wa jambo hili. Seneca, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliutaja katika barua zake, akieleza kuwa utamu wake umo katika kule kudanganywa, na kwamba ajuaye namna unavyofanywa huupoteza. Reginald Scot aliufafanua kwa Kiingereza mwaka 1584 katika kitabu alichokiandika kupinga mashtaka ya uchawi. Mwaka 1634 kikatoka kijitabu kiitwacho Hocus Pocus Junior, na jina hilo lenyewe ni maneno ya mchezo. Thomas Ady, aliyeandika katikati ya karne ya 17, asimulia habari za mchezaji mmoja wa zama za Mfalme James aliyepewa jina hilo kwa sababu kila alipotenda ajabu alitamka maneno mfano wa Kilatini yasiyo na maana. Ady alikwisha kuona kazi yake: maneno hayo yalikuwa pazia la kuficha tendo la mkono. Mwanaisimu atapendezwa na hali hiyo, ya usemi usiobeba maana hata chembe, na hata hivyo wenye kazi kamili.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa Mfaransa Jean Eugène Robert-Houdin (1805–1871), ambaye mwaka 1845 alifungua ukumbi wake mdogo katika Palais-Royal, Paris. Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, ilionyeshwa hadharani kwamba mvuke wa etha waweza kumlaza mgonjwa akapasuliwa bila ya kusikia maumivu. Habari zikaenea Ulaya mara moja. Mwaka 1847 Robert-Houdin alipanda jukwaani na mwanawe mdogo, akatangaza kwa sauti ya mtaalamu kwamba yeye amegundua sifa nyingine ya etha: mtu akiivuta kwa wingi, mwili wake huwa mwepesi mithili ya puto. Mtoto alinusishwa kichupa, akalegea, akaondolewa vitegemeo kimoja kimoja, hata akabaki amelala hewani, kiwiko kimoja tu kikiwa juu ya fimbo. Nyuma ya pazia etha ya kweli ilikuwa ikimwagwa juu ya chuma cha moto, harufu ikawafikia watu vitini. Baadaye alisimulia kwamba alipata barua za watu waliomlaumu, ati baba gani huyu anayeharibu afya ya mtoto wake kwa ajili ya maonyesho. Barua hizo zilikuwa sifa kubwa kuliko makofi. Waandishi wake hawakuyaamini macho yao tu, waliiamini hotuba.

Na mchezo wenyewe haukuwa mpya. Katika miaka ya 1830 wasomaji wa Uingereza walikwisha kupata habari za Sheshal wa Madras, Bara Hindi, aliyeonekana ameketi hewani mkono wake ukiwa juu ya nguzo. Yaani huyo anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa sanaa hii katika sura yake ya sasa alikuwa naye mfufuaji. Alichoongeza kilichowashika watu wa Paris kilikuwa sababu mpya, iliyotoka katika magazeti ya mwaka uleule.

Hapo ndipo penye shida ya mfufuaji wa leo. Fimbo anayo, na mtoto atampata. Habari ya etha haipo. Akiisema hotuba ile kama ilivyokuwa, watazamaji wataisikiliza kama watu walioingia katika jumba la makumbusho: kwa adabu, bila ya kushtuka. Wengi wameiacha kabisa, wakaweka ufagio mahali pa fimbo na muziki mahali pa hotuba. Mchezo huo hupendeza, ila umepungukiwa. Mtu yu hewani, wala hakuna aliyeambiwa kwa nini.

Maneno yaweza pia kubadili jambo zito zaidi. Robert-Houdin alikuwa na sanduku ambalo kwa nguvu ya sumaku ya umeme, iliyofichwa chini ya jukwaa, lilikataa kuinuliwa. Paris lilikuwa ajabu ya sanduku: sasa jepesi, sasa zito. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, ikitaka kudhoofisha heshima ya watu wa karama walioaminiwa na wenyeji na kuogopwa na watawala. Chombo kilikuwa kilekile, usemi aliugeuza. Hakusema tena kuwa sanduku ni zito. Alimwambia mtu mwenye misuli kwamba anamwondolea nguvu zake, na mtu yule, aliyeliinua dakika moja nyuma, akashindwa, kisha akapigwa na mshtuko wa umeme akakimbia. Ajabu ya sanduku ikawa ajabu juu ya mwili wa mtu. Baada ya hayo, asema, wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kuwa ulikuwa ustadi tu, si uchawi. Kisa hiki twakipata kwa kalamu ya mshindi mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 1858, na yafaa kisomwe kwa tahadhari hiyo.

Kuna usemi usiostahili kufufuliwa. Mmarekani William Robinson alijifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, akanyamaza jukwaani kana kwamba hajui Kiingereza, mpaka usiku wa tarehe 23 Machi 1918 alipopigwa risasi kweli katika mchezo wa kudaka risasi huko London. Akafa siku ya pili. Kimya chake kilikuwa maneno ya uongo juu ya taifa zima.

Njia nyingine imeonyeshwa na Teller, mwenzi wa Penn Jillette. Aliutwaa mchezo wa mpira unaoelea uliokuwa wa David P. Abbott wa Omaha, aliyefariki mwaka 1934, akaufanyia kazi kwa muda mrefu hata mpira ukamfuata kama mbwa aliyefugwa. Teller hasemi. Penn ndiye anayesema, na asemalo ni kweli: mchezo huu hufanywa kwa uzi. Mtazamaji hutafuta uzi, wala haoni unavyoweza kutenda yale.

Atakayeileta michezo hii katika Kiswahili hatafaidika kwa kuifasiri hotuba ya Hoffmann. Hotuba ile ni ya sauti moja. Watu hukaa kimya wakiangalia, na jicho lisilo na shughuli ni jicho kali. Kiswahili kina desturi ya usemi unaodai jibu. Asemaye "Paukwa" hungojea "Pakawa", na mtega kitendawili haanzi mpaka aambiwe "Tega". Ukumbi mzima unapofungua kinywa kwa pamoja, kila mtu huwa na kazi ya kufanya kwa nukta moja au mbili. Mkono uliokwisha kuzoezwa hauhitaji zaidi ya hapo.