MATUMBAWE YA PWANI NA AKIBA YA MALISHO YETU

Nilipowaambia wenzangu chamani kwamba nitaandika juu ya matumbawe, walicheka. "Wewe wa Bulla Pesa, bahari umeiona wapi?" mmoja akaniuliza. Kweli, hata mto wetu wa Ewaso Nyiro kwa kawaida haufiki baharini. Huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Lakini usifunge ukurasa. Jambo hili ni letu pia.

Kwanza, tumbawe ni nini? Wengi hudhani ni jiwe tu. La hasha! Hayo ni makao ya wanyama wadogo mno wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, wanyama hao huvitoa vijimea hivyo, na matumbawe hubaki meupe kama mfupa. Joto likipungua upesi, hupona. Likikawia, hufa njaa.

Wazee wetu wanaikumbuka mvua ya El Nino ya 1997 na 1998. Basi El Nino hiyo hiyo iliipasha bahari joto mwaka 1998, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa. Hata yale ya hifadhi za serikali kule Malindi, Watamu na Mombasa hayakusalimika. Mwaka 2016, na tena 2024, matumbawe ya pwani yetu yalipauka.

Sasa mtu atasema: kama joto haliogopi askari wa hifadhi, mvuvi wa kawaida atafanya nini? Kweli, hawezi kuipoza bahari. Anachoweza ni kusaidia kidonda kipone. Tumbawe changa huhitaji mwamba safi ili lishike, lakini majani ya baharini huwahi kuufunika. Samaki aitwaye pono huyala majani hayo. Kikande naye huwala wale wanyama wenye miiba wanaougugunya mwamba. Tukiwamaliza samaki hao, au tukikokota juya juu ya matumbawe machanga, tumemfukuza muuguzi na mgonjwa angali kitandani.

Watu wa Kuruwitu, Kilifi, walilitambua hilo. Mwaka 2003 waliunda chama, na mwaka 2005 wakaifunga sehemu ya bahari yao ya hektari 30 hivi, mtu asivue humo. Wanaiita tengefu. Je, ilikuwa rahisi? Hata kidogo! Anayekula kutokana na wavu wa leo, utamwambiaje angoje kesho? Wengine walipinga. Lakini samaki walirudi, wakakua, wakaanza kutoka nje ya mpaka, mahali ambapo kuvua kunaruhusiwa. Mwaka 2017 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta kutoka Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Je, hili si geni kwetu? Miongoni mwa Waborana, wazee wa dedha hugawa malisho: ya masika, ya kiangazi, na akiba ya wakati wa ukame. Akiba haileti mvua, ila humfikisha mfugaji mpaka mvua inapokuja. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Upande wetu akiba ilikuwa imeshaliwa kabla ya wakati wake, kila mtu akisema, "Nisipoingia mimi, si ataingia mwingine?" Nyumbani tukabaki na mbuzi wanne. Maneno hayo hayo ndiyo huwaponza wavuvi. Wahenga hawakukosea: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hata hivyo, tusidanganyane. Joto likirudi kila baada ya miaka michache, hata tengefu iliyolindwa vyema haitapata nafasi ya kupona. Nchi kubwa zinazochoma mafuta na makaa ya mawe hazina budi kupunguza moshi wao. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba dhiki itakapokuja, itakuta kitu kimebaki, kiwe ni pono baharini au nyasi nyikani.

Wenzangu mliocheka, bado mnacheka? Natia nanga hapa.