Dawa ya Nge Katika Mizani

Mzazi aliyewahi kuamshwa usiku wa manane na kilio cha mtoto aliyeumwa na nge hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Dua husomwa, majirani huitwa, na kila mmoja huja na rai yake: huyu anataka kuchanja, yule anataka kufunga kamba. Sisi safari hii tumependa kuitazama dawa ya hospitali, ile itengenezwayo kwa kingamwili za farasi, na kuuliza swali ambalo mwenye mgonjwa hapati wasaa wa kuliuliza: imethibitishwa vipi kuwa inafaa?

Hatua ya kwanza ni maabara. Sumu huchanganywa na dawa kwa vipimo mbalimbali, panya hudungwa mchanganyiko huo, kisha hutazamwa ni kipimo gani kinachookoa nusu yao. Lakini panya huyo si sawa na mtoto ambaye sumu imekwisha kutembea mwilini mwake kabla hajafikishwa kwa daktari. Hapo ndipo penye utata.

Mwaka 1999 madaktari wa Tunisia walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la Lancet. Wagonjwa 825 wenye umri wa zaidi ya miaka 10 waligawanywa kwa bahati nasibu: 412 walipewa dawa, na 413 wakapewa kimiminika kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa. Si daktari wala mgonjwa aliyejua nani kapewa nini. Mwishowe haikuonekana faida yoyote ya maana. Kuhitimisha kwamba dawa haina kazi, kwa maoni yetu, si insafu. Jaribio lile lilimpokea kila aliyeumwa, awe mahututi au la, na wengi walikuwa na maumivu ambayo yangepoa yenyewe. Lililothibitika ni kwamba hakuna haja ya kumdunga kila mtu.

Miaka kumi baadaye, huko Arizona nchini Marekani, swali liliulizwa kwa namna nyingine. Walichaguliwa watoto mahututi tu, wale ambao macho yao yanazunguka ovyo, viungo vinarukaruka na pumzi inakwama. Walikuwa 15. Wanane walipewa dawa iliyotengenezwa Mexico, saba hawakupewa. Katika muda wa saa nne, wote wanane walikuwa wamepona dalili zile. Kati ya saba, alipona mmoja.

Tumelifikiria sana jaribio hili. Ni mzazi gani atakayeridhia mwanawe aingizwe katika bahati nasibu akiwa katika hali ile? Ni haki kusema kwamba wale saba hawakutelekezwa: walikuwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, wakipewa dawa za kuwatuliza na kuangaliwa pumzi zao, matibabu ambayo pengine ndiyo pekee ambayo wangeyapata siku hizo. Na kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa na ya wazi, watoto 15 walitosha. Haikulazimu kuwaingiza mamia.

Nge nao hawafanani. Wa Arizona hushambulia zaidi mishipa ya fahamu, ilhali nge mwekundu wa India huutesa moyo hata mapafu yakajaa maji. Huko Mahad, katika jimbo la Maharashtra, daktari Himmatrao Bawaskar na mkewe Pramodini walikuwa wakitumia prazosini, dawa ya shinikizo la damu, kuuokoa moyo. Kisha wakajaribu kuichanganya na dawa ya kuzuia sumu. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 70: baada ya saa 10, waliopata dawa zote mbili walipona 32 kati ya 35, waliopata prazosini peke yake, 8 kati ya 35. Kwa sababu hiyo, chupa iliyotengenezwa kwa nge wa Mexico haiwezi kuchukuliwa kuwa itamfaa aliyeumwa na nge wa nchi nyingine mpaka ijaribiwe kwa sumu ya nge huyo.

Mwaka huohuo wa 2011 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ile ya watoto wa Arizona. Chupa iliyouzwa Mexico kwa takriban dola 100 ikavuka mpaka na kuuzwa kwa maelfu ya dola.