Riwaya za mapenzi ya chuoni: jinsi chumba kimoja kinavyogeuza urafiki kuwa penzi

Miongoni mwa vitabu vya mapenzi vinavyosomwa na vijana wa Marekani, na ambavyo leo vinapatikana hata kwenye simu, imo hadithi inayorudiwa bila kuchosha: marafiki wawili wa chuo kikuu wanajikuta wakiishi chini ya paa moja, na urafiki wao unageuka kuwa mapenzi. Kwa nini hadithi hii inapendwa, na msomaji aitazame kwa jicho gani? Riwaya moja maarufu ya nchi jirani ya Tanzania inatusaidia kupata jibu.

Mwaka 2009, shirika la uchapishaji la St. Martin's Press la New York lilitoa mwito wa kutafuta miswada inayowahusu vijana waliokwisha kuvuka umri wa sekondari lakini bado hawajatulia katika maisha ya utu uzima. Aina hiyo ikapewa jina lenye maana ya “watu wazima wapya”. Wahusika wake huwa na umri wa miaka 18 hadi 25 hivi. Wameondoka kwa wazazi, wanashika fedha zao wenyewe, na hakuna anayewauliza wamerudi saa ngapi. Ndiyo maana chuo kikuu kimekuwa makazi ya hadithi hizo.

Mwandishi huhitaji kwanza sababu ya kuwakutanisha wahusika: kodi imepanda, bweni limeharibika, au mwenzi wa chumba amehama. Baada ya hapo chumba chenyewe hufanya kazi. Mchumba wa kawaida huonekana akiwa amevaa na kujipamba; anayeishi nawe humwona akiwa mgonjwa, akiwa na njaa, au akilia baada ya kufeli mtihani. Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na riwaya hizi zinasimama juu ya ukweli huo. Lakini ipo pia hofu. Anayetamka kwamba anapenda, akakataliwa, huweza kupoteza rafiki na mahali pa kulala kwa siku moja. Hofu hiyo huchelewesha ungamo, na msomaji huendelea kufunua kurasa.

Mfano unaojulikana sana ni Beautiful Disaster, riwaya ya Jamie McGuire iliyotoka mwaka 2011. Mwanafunzi Abby anahamia kwa muda katika nyumba anayoishi rafiki yake Travis baada ya mitambo ya maji moto ya bweni kuharibika. Kisha anashindwa katika dau, na sharti lake ni kukaa huko mwezi mzima. Kitabu kilipata wasomaji wengi mno, lakini pia kilikosolewa vikali, kwa kuwa wivu na ukali wa Travis unasimuliwa kana kwamba ni ushahidi wa mapenzi.

Tanzania ilikwisha kuligusa suala la kijana aliye mbali na nyumbani miaka 40 kabla ya hapo. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alisimulia habari za binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kiasi cha kupigwa kwa ajili ya barua ya mvulana. Alipofika shuleni na baadaye chuo cha ualimu, Rosa alikutana na uhuru ambao hakuwa ameandaliwa kuutumia, na mwisho wake ukawa mauti. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa humo humo kama kitabu cha kiada.

Riwaya za Marekani huahidi mwisho mwema. Ya Kezilahabi haina ahadi hiyo. Hata hivyo zote zinaelekea kwenye jambo moja, nalo ni uwezo wa kijana kuchagua. Abby anafungwa na dau. Rosa hakufundishwa kamwe kukubali wala kukataa kwa hiari yake. Kwa hiyo, msomaji anayefurahia hadithi za marafiki wa chumba kimoja na ajiulize swali hili kila anapofika katikati ya kitabu: je, mhusika huyu akisema hapana leo, kesho atakuwa bado na rafiki, heshima yake na mahali pa kulala? Jibu likiwa ndiyo, basi analosoma ni penzi.